Denis Burkitt: daktari wa jicho moja na magego ya watoto wa Ziwa

Nilikuwa kimya kidogo, vocha na umeme vilinikimbia kwa pamoja, ila sasa nimerudi kijiweni.

Leo siasa naziweka pembeni. Nataka kuwasimulia maisha ya mzee mmoja aliyefariki mwaka 1993, kabla mimi sijazaliwa, na kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa pia. Lakini kwanza niwaambie nimemfikiaje.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kafe hapa Kirumba napandisha picha za Mwaloni, akaja dogo mmoja jirani yetu, yuko fomu tuu. Akakaa pembeni, mkono umefunika mdomo kama kawaida yake, akaniuliza zile waya za kunyooshea meno zinafungwa wapi na mtu anatakiwa awe na umri gani. Mkono ule nimeuzoea miaka yote. Upande wa chini kushoto ana pengo, na meno yaliyofuata yameota vibaya, moja limelala kabisa limeegemea mwenzake. Shuleni wanamtania, na nyie mnajua utani wa shule ulivyo.

Tukaingia mtandaoni wote wawili. Tulianza na Edward Angle, yule Mmarekani aliyefungua shule ya kwanza ya kufundisha madaktari kunyoosha meno, St. Louis mwaka 1900. Naye ana habari nzuri, lakini jibu la kwa nini meno ya dogo yako vile halikuwa kwake. Lilikuwa kwa daktari mwingine kabisa, daktari wa upasuaji ambaye hakuwahi hata siku moja kuwa daktari wa meno, na ambaye alifanya kazi yake kubwa hukuhuku kwenye ziwa letu, upande wa Uganda.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, Enniskillen, Ireland ya kaskazini. Baba yake alikuwa injinia wa barabara wa wilaya, na muda wake wa ziada aliutumia kuwafuatilia ndege: anawakamata, anawavisha pete miguuni, kisha anachora ramani ya nani anakaa wapi. Likumbukeni hilo la ramani, maana mtoto alilirithi.

Denis akiwa na miaka 11 alikuwa shuleni, wavulana wakawa wanarushiana mawe. Jiwe likapiga miwani yake, kioo kikaingia jichoni. Jicho likafa. Akamaliza maisha yote na jicho moja.

Mwaka 1929 akaingia Trinity College, Dublin, kusomea uinjinia kama baba. Matokeo hayakuwa ya kutisha (wenye divisheni foo, tuliopo tujipe moyo, kwi kwi kwi). Akahama, akachukua udaktari, akafuzu mwaka 1935, na mwaka 1938 akawa daktari bingwa wa upasuaji. Alikuwa mlokole hasa, ameshika dini, akataka kuja Afrika kufanya kazi. Akaomba ajira ya serikali ya kikoloni mwaka 1941, wakamkatalia kwa sababu ya jicho. Jeshi likamchukua hivyohivyo, vita haichagui sana, na jeshi ndilo lililomleta Kenya. Mwaka 1943 akamuoa Olive Rogers, muuguzi. Baada ya vita serikali ikalegeza, wakampeleka Lira, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1946.

Kule Lira alipewa wilaya nzima na hospitali moja. Kitu kilichomshangaza ni busha. Ndiyo, busha, msicheke. Wanaume wa mashariki ya wilaya walikuwa nalo wengi mno, wa magharibi wachache. Daktari mwingine angepasua tu aende zake nyumbani. Burkitt akapasua, halafu akachora ramani. Akauliza kwa nini huku na si kule. Busha la aina ile linaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, kwa hiyo mahali palikuwa na maana. Hapo ndipo alipojifunza mchezo wake: usimwangalie mgonjwa tu, angalia na alikotoka.

Baadaye wakamhamishia Kampala, hospitali ya Mulago.

Sasa tuje kwenye yale magego. Mwaka 1957 daktari mwenzake wa hapo Mulago, Hugh Trowell, alimwita akamwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso umevimba pande zote mbili, taya la juu na taya la chini, yaani sehemu zote nne za mdomo. Meno yanacheza kama yamesimikwa kwenye udongo mbichi, mengine yamesukumwa nje ya mstari. Burkitt alichanganyikiwa. Kama ni usaha, kwa nini pande zote nne? Kama ni kansa, kansa huanza mahali pamoja, iweje ianze mara nne? Akapiga picha, maana alikuwa mtu wa kamera, ila jibu hakuwa nalo.

Baada ya wiki chache akaenda Jinja kukagua hospitali. Jinja mnaijua, pale Nile inapotokea ziwani. Akiwa ndani ya wodi akatupa jicho dirishani (ndilo hilohilo moja), akamwona mama amekaa kwenye nyasi na mtoto. Sura ya mtoto ilikuwa ileile ya mtoto wa Mulago. Akatoka mbio, akampima, akakuta na uvimbe mwingine tumboni.

Wadau, mara moja unaweza kusema ni bahati mbaya. Mara mbili mtu mwenye akili anaanza kutafuta. Akarudi Mulago akafukua mafaili ya watoto wenye kansa, akakuta wengi walikuwa na uvimbe wa taya, na wengi kati yao walikuwa na uvimbe sehemu nyingine pia: tumboni, kwenye figo, kwenye ini. Wataalamu walikuwa wanaziandika kama kansa tofauti tofauti kutokana na mahali zilipokutwa. Yeye akasema ni moja. Mwaka 1958 akaandika makala kwenye jarida la upasuaji la Uingereza. Hakuna aliyeshtuka. Wataalamu wa maabara wa Kampala ndio walioonyesha baadaye kwamba ni kansa ya tezi, aina ya limfoma.

Tena haukuwa ugonjwa mpya. Mmisionari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kwenye kumbukumbu zake habari za watoto wenye mataya ya namna hiyo. Na mama zetu walikuwa wanauona kabla ya Cook. Hapa ndipo mimi huwa natoka kidogo kwa hasira. Ugonjwa unaitwa Burkitt hadi leo duniani kote, na yule mama wa Jinja aliyekaa kwenye nyasi hana jina popote. Sisemi mzee hakustahili. Nasema tu.

Haya, tuendelee.

Burkitt akataka ramani. Akapewa na serikali pauni 25, hela ya kununulia karatasi. Akachapisha vipeperushi vyenye picha, zaidi ya elfu moja, akavituma hospitali za Afrika akiuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yakaanza kurudi, akawa anachomeka pini ukutani. Pini zikafanya mkanda unaopita katikati ya Afrika, halafu mkia unaoshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Ziwa letu limo ndani ya mkanda, zima zima.

Ila kwenye mkanda kulikuwa na matundu. Kwa nini? Akaamua kwenda mwenyewe. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na marafiki wawili madaktari, Ted Williams na Cliff Nelson. Gari lilikuwa Ford la mtumba lenye miaka saba, walilonunua kwa pauni 250. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari, ndiyo maana walifika. Wiki kama kumi, maili 10,000 (piga hesabu, ni kilomita 16,000), hospitali zaidi ya 50, kutoka Uganda na Kenya kushuka Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Mwaka uleule, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ikawa huru. Kila hospitali wanaonyesha picha, wanauliza, wanaandika, wanalala, asubuhi wanawasha gari.

Walichokigundua kilikuwa rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakikuonekana mapema. Ugonjwa ulikuwa unaogopa baridi. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya futi 5,000, yaani kama mita 1,500, huuoni. Ukienda kusini zaidi, kiwango kile kinashuka, kwa sababu kule hata chini kuna baridi. Na sehemu kavu zisizo na mvua pia huuoni. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya bahari. Mwanza, Musoma, Bukoba, Jinja, Kisumu, wote tuko chini ya mstari, tuna joto na tuna mvua. Milimani wanapona, sisi tumo.

Wenzake wa Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, wakamwambia hiyo ramani yake inafanana na ramani ya mbu. Na kweli, Unguja na Pemba, ambako malaria ilipigwa vita mapema, ugonjwa ulikuwa adimu ingawa joto na mvua vipo tele.

Mapema mwaka huohuo wa 1961, tarehe 22 Machi, alikuwa London, akatoa mhadhara Middlesex Hospital. Kwenye viti alikaa mtafiti kijana, Anthony Epstein. Jamaa alikuwa anatafuta virusi vinavyoleta kansa kwa kuku, akasikia habari za kansa inayofuata mvua na joto, akili ikamruka. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe. Kwa zaidi ya miaka miwili ndege zikabeba vipande kutoka Kampala kwenda London, na Epstein hakuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ikakutana na ukungu ikaenda kutua Manchester. Kichupa kilipofika kimechelewa, maji yake yalikuwa na ukungu wake. Wakadhani kimeoza. Kumbe seli zilikuwa hai, zinaelea. Kutokana na hizo, Epstein na wenzake Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakaona kirusi kwenye hadubini ya elektroni, wakatangaza Machi 1964. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr, na kilikuwa cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Leo inajulikana kwamba karibu kila mtu mzima duniani anacho, kinapita kwenye mate, na wengi hakiwafanyi lolote. Ni mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara toka utotoni ndiye aliye hatarini zaidi.

Na hapa kuna jambo letu wenyewe ambalo wengi hatulijui. Kuanzia mwaka 1977 watafiti waligawa dawa ya klorokwini kwa watoto wadogo wa Mara Kaskazini, kule Shirati na vijiji vyake, hadi mwaka 1982, waone kama malaria ikipungua na uvimbe wa mataya utapungua. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena dawa ikiwa bado inagawiwa. Wagonjwa wa uvimbe walipungua kweli, ila walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikutoka safi. Watoto wale leo ni watu wazima. Kama kuna mdau wa Rorya ambaye mzazi wake anakumbuka vile vidonge, aandike hapo chini.

Turudi kwa mzee. Kilichonigusa mimi zaidi ni matibabu. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikusaidia. Uvimbe huu ni kati ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, siku mbili tu unaweza kuwa umeongezeka maradufu. Ukikata taya unamharibu mtoto sura na bado anakufa. Mashine za mionzi Afrika Mashariki hakukuwa nazo wakati huo. Basi akajaribu dawa, zile za kansa zilizokuwa ndiyo zinaanza, akisaidiana na madaktari wa New York. Na watoto wakaanza kupona. Mtoto amevimba hadi jicho limefunikwa, anapewa dozi chache, wiki kadhaa uso umerudi. Si wote, na wengine uvimbe ulirudi. Lakini enzi zile kansa ya kupona kwa dawa peke yake ilikuwa kama hadithi. Mwaka 1967 Mulago ikafunguliwa wodi ya watoto hawa, na hapo ndipo ilipozaliwa taasisi ya kansa ya Uganda ya leo.

Yeye alikuwa ameshaondoka mwaka 1966 kurudi Uingereza. Kule akaanza jingine kabisa, pumba za ngano. Alijiuliza kwa nini wagonjwa wake wa Uganda, wala matoke na maharage, hawakuwa na bawasiri, kidole tumbo na kansa ya utumbo kama Wazungu. Akiwa na Trowell yuleyule aliyemwitia mtoto wa 1957, akaanza kuhubiri vyakula vyenye nyuzinyuzi. Mwaka 1979 kitabu chake kuhusu nyuzinyuzi kikauzwa sana. Kwenye mihadhara alikuwa anawaonyesha maprofesa picha za choo kikubwa, kabisaa bila aibu, na kuwauliza vyao vinaelea au vinazama. Wazungu wengi wanamkumbuka kwa hilo la choo kuliko la watoto. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, Gloucester, ana miaka 82.

Sasa dogo wetu.

Alikuwa na miaka sita, mimi niko darasa la sita. Gego lake la chini kushoto lilianza kucheza. Mama yake aliona kawaida, mtoto wa miaka sita si ndiyo anang'oka meno? Na hapa, wadau, someni polepole. Mtoto wa miaka sita au saba anang'oka meno ya mbele. Magego ya utoto yanang'oka baadaye sana, kuanzia kama miaka tisa hadi kumi na mbili. Gego linalocheza kwa mtoto wa miaka mitano au sita, halina tundu wala hajaanguka, na fizi au shavu linavimba bila maumivu makubwa, hilo si jino la kung'oka. Sisi wote mtaani hatukulijua hilo. Akapelekwa kliniki moja, jina nalihifadhi, wakamng'oa magego mawili wakampa vidonge vya kuua wadudu. Wiki iliyofuata shavu likawa kama ameweka embe. Wakaja wajuaji, huyu anasema karogwa, yule anasema achanjwe. Ilipita kama mwezi. Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa darasa la kwanza, alimshika mama mkono wakapanda mlima wa Bugando siku ileile.

Wakakata kinyama wakapima. Ilikuwa yenyewe, ile ya Jinja. Alikaa wodini miezi, sindano na dripu, nywele zote zikaisha, tukimtembelea anatukimbia kwa aibu. Moja ya dawa alizopewa, cyclophosphamide, ni ya ukoo uleule wa enzi za Burkitt. Uvimbe uliyeyuka. Wenzake watatu tuliowakuta wodini hawakurudi nyumbani, mmoja kwa sababu baba yake alimtoa alipoona shavu limepungua, nauli na chakula vilimshinda, akaamini kapona.

Kwa hiyo meno ya dogo yalivyo ni hivi. Kwenye taya la mtoto wa miaka sita meno ya ukubwani yanakuwa yanajitengeneza ndani, chini ya yale ya utoto. Uvimbe ulipokuja uliyasukuma huko ndani yakapoteza mwelekeo. Na magego mawili yakang'olewa mapema, nafasi ikabaki wazi, majirani wakaiegemea. Gego la utoto kazi yake si kutafuna tu, linamshikia nafasi mwenzake anayekuja. Hata kwa mtoto asiye na ugonjwa wowote, ukiling'oa miaka mitatu au minne kabla ya wakati na ukaacha hivyohivyo, mara nyingi ndiyo mwanzo wa meno kupandana.

Kuhusu swali lake la umri: waya kwa kawaida hufungwa meno ya ukubwani yakishaota mengi, kuanzia miaka kumi na moja au kumi na mbili hivi, na hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi. Ana miaka 15, hajachelewa. Ila kwake yeye haianzi na waya, inaanza na picha ya taya zima waone mizizi iko salama kiasi gani, maana dawa za kansa utotoni zinaweza kuiacha mizizi mifupi, na jino la mzizi mfupi halivutwi kwa nguvu.

Jumatatu tunaenda naye. Kaniomba tumpitie na yule mwalimu wake, yuko Igoma siku hizi. Mama yake bado hajui tunapopeleka hela za simu.

Mwenye kujua bei ya picha ya taya kwa Mwanza aiweke kwenye maoni.